Chenga za Bluu

Nilipokuwa mtoto nilijua kwamba damu ina mlango. Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyeniambia. Nikijikata na mundu, alikishika kidole changu, akakibana kwa kidole gumba chake, akasema, "Tulia. Mfunga mlango anakuja." Baada ya kitambo damu ilikoma, Bibi akaniachia, kila mmoja akarudi kwenye kazi yake. Sikuwahi kuuliza huyo mfunga mlango ni nani. Nilidhani anakaa humo ndani, ana kazi hiyo moja tu, na akiitwa anakuja.

Nayasimulia haya bila machozi, na msomaji asidhani nimejikaza. Machozi hayapo. Yalipaswa kuja siku fulani ya mavuno, hayakuja, na tangu hapo kila nikilikumbuka jambo hili huwa kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako, unaubonyeza, huusikii.

Ilikuwa miaka ya tisini. Tulikaa kijiji kimoja upande wa Mbingu, kwenye bonde la mpunga nje ya Ifakara. Baba na mama walikuwa wamekwenda Masagati kufungua shamba jipya, nami niliachwa kwa Bibi ili nisikatishe shule. Nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, mimi, na baba mdogo Savio, kitinda mimba wa Bibi, kijana ambaye alikuwa bado hajaoa. Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Bibi alikuwa amemwekea mpunga wa matanga. Aliujaza kwenye kihenge kikubwa nyuma ya jiko, akakifunika. Mavuno mapya yakiisha ndipo kingefunguliwa, ndugu wa Mahenge na Lupiro waje, wapike, wale, Babu aagwe vizuri. Mpaka siku hiyo mpunga ule ulikuwa wa Babu, na Bibi alisema kukifungua kihenge kabla ya siku ni kumwamsha marehemu.

Bibi alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili. Rozari yake ilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda, na hakukosa kuungama. Lakini kihenge kile hakukiachia Bikira Maria peke yake. Alichuma majani porini, akayasokota pamoja na kitambaa cheusi alichokichana kwenye koti la Babu, akakizungushia kihenge shingoni. Hilo ndilo lilikuwa zindiko lake. Alifundishwa na mama yake kule milimani. Akatuita, mimi na baba mdogo, tukasimama mbele yake.

"Atakayechukua mpunga huu," alisema, "damu yake itakosa wa kufunga mlango. Itatoka popote itakapopata upenyo. Na sitauliza ni mtoto wa nani."

Baba mdogo akacheka. "Mama, unatuzindika sisi au unawazindika panya?"

"Panya hawali cha marehemu," Bibi akamjibu. "Panya wana adabu."

Baba mdogo alikuwa mtu wa utani, na Bibi naye hakuwa nyuma. Walitaniana hivyo siku zote, na mimi niliwasikiliza nikiwa nachambua mboga. Kama kuna kitu nakikosa katika utoto wangu ni sauti za watu wawili hao wakibishana jikoni juu ya jambo lisilo na maana.

Mwaka huo panya walikuwa wengi kupita kiasi. Walifukua mbegu ardhini, wakatafuna miche, na mpunga ulipoanza kubeba wakawa wanayakwea mabua. Bwana shamba akaleta sumu. Sumu tuliyoizoea ilikuwa unga wa kijivu unaonuka kama kitunguu saumu. Panya akiila hafiki mbali, unamkuta kalala palepale. Ile ya safari hii ilikuwa chenga za mchele zilizotiwa rangi ya bluu. Vijana kadhaa walichaguliwa kuziweka mashambani, baba mdogo akiwemo, na mfuko wa kugawia eneo letu ukawekwa kwenye kibanda chetu cha shamba. Bwana shamba alisema zisiliwe, zisishikwe kwa mikono mitupu, watoto wasizisogelee. Alisema yote yaliyopaswa kusemwa. Sina la kumlaumu.

Tatizo ni kwamba panya hawakufa. Walikula zile chenga, na kesho yake ukawaona wanakatiza tu. Kuku wa jirani alidonoa akaendelea kutaga. Watu wakacheka wakasema bwana shamba kaletewa sumu iliyochacha. Kumbe panya walikuwa wanakufa baadaye, mashimoni, wakati ambao hakuna aliyekuwa anawaangalia. Tulipoona wamepungua tulisema ni mafuriko yamewazamisha.

Mafuriko yalikuwepo kweli. Masika yale mto ulivunja kingo, na njia ya kwenda shamba ikakatika. Baba mdogo alikuwa huko, juu ya dungu, anaamia ndege. Mkulima wa mpunga anajua wakati ule: punje zimejaa maziwa, na ukiwapa kwelea kwelea asubuhi moja tu, jasho lako la mwaka mzima limeliwa. Hakuweza kuondoka hata kama angepata njia. Unga aliokuwa nao ukaisha. Mpunga ulimzunguka pande zote, hakuna hata punje moja iliyokomaa.

Maji yalipopungua, Bibi alinituma nimpelekee unga na dagaa. Nilifuatana na Mama Rozina, mke wa katekista, jirani yetu wa nyumbani na wa shambani pia. Yeye alikata kona kwenda kwake, mimi nikaenda kwetu. Nilimkuta baba mdogo amechuchumaa mbele ya beseni, anaosha mchele. Maji yalikuwa ya bluu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, Skola. Mmekawia, mama."

"Hizo si za panya?"

Akamwaga yale maji, akatia mengine. Bluu ikapungua. "Ni za panya. Na panya wenyewe zimewafanya nini? Zimewanenepesha."

"Bwana shamba alisema ni sumu."

"Mihogo michungu inaua au haiui?"

"Inaua."

"Na sisi hatuili?"

"Tunailoweka kwanza."

"Basi umejijibu mwenyewe."

Alimwaga tena, akatia tena, akisugua chenga kwa viganja vyote viwili, polepole, kama mtu anayemwogesha mtoto. Maji ya mwisho yalitoka meupe, ya mchele wowote ule. Sufuria pembeni ilikuwa na ukoko wa wali wa siku zilizopita, kwa hiyo hakuwa anaanza siku hiyo. Alikuwa amekula, akalala, akaamka mzima, akala tena. Alipouona unga wangu alifurahi, akaniambia, "Nyumbani usiseme nilikuwa nakula sahani moja na panya. Mama ataona aibu." Halafu akasonga ugali, tukala, nikarudi na Mama Rozina kabla jua halijazama.

Siku kadhaa baadaye jirani alimpokea zamu, naye akaja nyumbani kupumzika. Asubuhi alipiga mswaki uani akatema damu. Hakuna aliyeshtuka, mtu anaweza kujichoma na mswaki wa mti. Lakini mchana alikuwa bado anatema. Jioni kanga ya Bibi aliyokuwa anajifutia ilikuwa imelowa, na begani, pale anapobebea jembe, palikuwa na alama nyeusi kubwa kama kiganja. Kesho yake pua nayo ikaanza. Alitoka chooni akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba mkojo wake ni mwekundu.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda. Hakunyanyuka. Alimtazama mwanawe, akatazama kule nyuma ya jiko, akamtazama tena.

"Savio. Umechukua?"

"Sijachukua, mama."

"Nakuuliza kama mama yako. Umechukua?"

"Sijachukua."

Ndipo nikasema. Mtu mzima alikuwa amenikataza, lakini niliiona ile kanga, nikasema. "Bibi, alikula mchele wa panya. Ule wa bluu. Aliuosha akala."

Bibi hata hakunigeukia. "Mchele ambao haukuua panya," alisema, "ndio utaua mtu mzima?"

Siwezi kusema nilikasirika. Hoja yake ilikuwa na akili, na hata mimi niliiona hivyo. Panya tuliwaona kwa macho yetu wakitembea. Zindiko nalo tulilisikia kwa masikio yetu: damu itakosa wa kufunga mlango. Sasa damu imekosa wa kufunga mlango. Kwa mtoto wa shule ya msingi hesabu hiyo haikuwa ngumu.

Katekista akaja. Alikuwa mtu mpole, anayeongea kwa kuomba hata pale anapokuwa na haki ya kuamuru. "Mama," alisema, "si ukifungue tu hicho kihenge tuone? Kama umepungua, tutajua. Kama haujapungua, tutafute sababu nyingine."

"Nikikifungua kabla ya siku nitamwamsha baba yao," Bibi alijibu. "Unataka niwe na wawili wanaosumbuka?"

Kifuniko cha ungo. Ndicho kilichokuwa kati yetu na ukweli. Mtu angekinyanyua kwa mkono mmoja.

Bibi alituambia kwamba zindiko halifunguki mpaka aliyechukua aseme kwa kinywa chake. Asiposema, hata yeye mwenyewe aliyelifunga hawezi. Alimwambia baba mdogo hivyo, akiwa amepiga magoti mbele yake, mama mzima, analia. Sijawahi kumwona Bibi akilia namna ile, hata Babu alipokufa. "Sema tu, mwanangu. Sitakugombeza. Sema nikufungue."

Baba mdogo aliniangalia mimi, kisha akamwangalia mama yake. Meno yake yalikuwa mekundu.

"Nimechukua, mama," alisema.

"Kiasi gani?"

"Debe moja."

Bibi akavuta pumzi kubwa. Nilimwona akipata nguvu. Akanyanyuka, akaenda nyuma ya jiko, akakikata kile kitambaa cheusi shingoni mwa kihenge bila kugusa kifuniko, akamwaga chini unga mweupe alioukoroga kwa maji, akaita majina ya wazee. Wakati huohuo katekista alikuwa barabarani amesimamisha lori la mbao lililokuwa linakwenda Ifakara. Bibi hakutaka kwenda. Alisema akiondoka kabla ya unga kukauka kazi itaharibika. Kwa hiyo tulipanda sisi, Mama Rozina na mimi, tukamlaza baba mdogo juu ya turubai. Nilikwenda kwa sababu mgonjwa anahitaji wa kumchotea maji.

Hospitali daktari alimvuta kope, akamtazama fizi, akamtoa damu kidogo kwenye chupa, akaiweka mezani na kuingoja igande. Haikuganda. Akauliza, "Umekula nini?" Baba mdogo alikuwa hana nguvu za kujibu. Mama Rozina alisema ugali. Mimi nikasema, "Mchele wa panya wa bluu, aliuosha."

Daktari aliweka kalamu chini, akaniambia nirudie. Alikuwa mtu mzima wa kwanza kuniambia nirudie.

Walimchoma sindano, wakamtundikia damu. Kesho yake fizi zilikuwa zimekauka. Baada ya siku chache alikuwa anakaa kitandani, anawatania wauguzi. Daktari akatupa vidonge kwenye karatasi, vingi, akasema maneno ambayo Mama Rozina aliyarudia njia nzima asiyasahau: ni vitamini K, anywe kila siku, visipungue, vikiisha arudi kuchukua vingine, hata kwa miezi, hata akijiona mzima kabisa. Na ale mboga za majani kwa wingi.

Tulirudi nyumbani. Bibi alimpokea mlangoni, akamshika mashavu, akamgeuza huku na huku. Akasema, "Nilijua. Unga ulipokauka tu, nilijua."

Nani angebishana naye? Damu ilikoma siku moja tu baada ya yeye kufungua zindiko. Kijiji kizima kilikubali. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Na baba mdogo akawa mwizi. Hakuna aliyemtukana, walimsamehe, jambo ambalo nadhani lilikuwa gumu zaidi kulibeba. Walipita uani wakamwambia, "Shetani tu huyo, Savio, njaa mwanaharamu." Yeye aliitikia kwa kichwa. Utani ukampungua.

Nilimkuta siku moja akimeza kidonge chake, nikamuuliza kwa nini alisema amechukua wakati hakuchukua. Alikunywa maji mpaka mwisho, ndipo akajibu. "Ulimwona mama alivyokuwa analia?"

Kisha kulikuwa na mwiko. Zindiko lilikuwa la majani, kwa hiyo aliyefunguliwa asile jani lolote la kijani mpaka mavuno yaishe. Matembele, kisamvu, majani ya maboga, vyote vilipikwa nyumbani kwetu na vyote yeye hakugusa. Alikula dagaa na maharage. Kuhusu vidonge, Bibi aliuliza siku moja hivi ni vya nini. Mama Rozina alikuwepo, akasema ni vitamini.

"Vitamini," Bibi akarudia. "Zile za kunenepesha watoto?"

"Daktari alisema asiache."

"Mtu hatibiwi kwa mikono miwili. Dawa zitagombana ndani." Halafu akamgeukia mwanawe, na sasa hakuwa mkali, alikuwa mnyonge. "Au huamini kwamba nimekufungua? Maana kama ulisema kwa moyo, Savio, hivyo vya nini?"

Hapo ndipo baba mdogo alipokwama. Akiendelea na vidonge, anamwambia mama yake kwamba lile ungamo lilikuwa uongo. Akiacha, mama anapona moyo. Na yeye alijiona mzima, na vilikuwa vitamini tu, kitu cha kwenye kopo la maziwa. Lile neno lilimponza. Kingeitwa jina gumu la kutisha, nadhani angekificha kwenye mfuko wa suruali akakimeza shambani. Alikifunga kile kikaratasi akampa mama yake mkononi. Walikumbatiana. Nilifurahi, kwa sababu usiku ule walibishana tena jikoni, juu ya chumvi.

Mavuno yakaanza. Sote tulihamia shamba. Asubuhi moja baba mdogo aliteremka kwenye dungu akajigonga kichwa kwenye nguzo, kitu kidogo, akajisugua akacheka. Akaendelea kupiga mpunga na wenzake. Mchana akasema kichwa kinamuuma. Akakaa kivulini. Akatapika. Fizi zikawa nyekundu tena.

Bibi akaja mbio kutoka kwenye magunia, akapiga magoti palepale kwenye makapi. "Savio. Hukusema yote. Ilikuwa zaidi ya debe moja. Sema yote, mwanangu."

Macho ya baba mdogo yalikuwa hayatulii sehemu moja. Alimtafuta mama yake, akampata.

"Sema wewe, mama, ni ngapi," alisema. "Nitakubali."

Bibi akasema madebe mawili. Akakubali. Akasema matatu. Akakubali. Katekista alikuwa anafunga machela ya miti na turubai, lakini barabara ilikuwa mbali. Walipombeba na kuvuka mfereji wa kwanza, wakamteremsha, wakasimama, kisha wakamfunika. Mama Rozina akanikumbatia, akaniambia, lia, mwanangu, lia. Niliangalia mpunga uliokatwa. Nilikuwa nawaza kwamba ndege wameachiwa shamba.

Msibani kulihitajika chakula. Watu walikuja wengi, mavuno mapya yalikuwa bado hayajakauka, na wazee wakasema kihenge cha matanga kifunguliwe, baba na mwana waagwe pamoja. Baba na mama yangu walikuwa wamefika kutoka Masagati. Wanawake walizunguka nyuma ya jiko na nyungo zao, mimi nikiwa miguuni mwao. Bibi alikinyanyua kifuniko mwenyewe.

Mpunga ulikuwa umejaa hadi mdomoni. Juu yake kilikuwepo kikombe cha Babu kimefunikwa kifudifudi, na mbele ya kikombe, kwenye mpunga, palikuwa na msalaba aliouchora Bibi kwa kidole chake siku alipokifunika. Mistari yake ilikuwa haijaguswa. Hata panya hakupita.

Wanawake waliinama, wakautazama ule msalaba. Kisha mwanamke mmoja akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshuhudia muujiza, kwamba zindiko limeurudisha mpunga. Wengine wakaitikia, ndiyo, limeurudisha, na jambo likapata maelezo yake. Bibi peke yake hakuitikia. Alichota kwa ungo, akaufuta ule msalaba, akawapa wapishi. Yeye hakula siku ile. Hakula wali tena mpaka alipokufa, miaka mingi baadaye. Alikula ugali, na ukimuuliza alisema wali unamkaba.

Mimi sasa ninakaa Ifakara mjini. Nilipasuliwa moyo Dar es Salaam, nikawekewa vali ya chuma ya kupitishia damu, na kila jioni nakunywa kidonge cha kuzuia damu isigande juu ya chuma hicho. Kliniki walinipa somo ambalo kila mgonjwa wa kidonge hiki hupewa. Ini hutumia vitamini K kutengeneza vitu vinavyoigandisha damu. Vitamini hiyo imo kwenye majani ya kijani. Kidonge changu kinalizuia ini lisiitumie vizuri. Kwa hiyo nisile bakuli la matembele leo na kesho nisile kabisa. Nile kiasi kilekile, wiki nenda wiki rudi. Daktari akaongeza, akitabasamu ili kunichangamsha, kwamba kidonge hiki kina ndugu yake anayewekwa kwenye sumu ya panya.

Nikamuuliza yule ndugu akoje. Akasema ni sumu kali zaidi, haiui papo kwa papo, inakaa kwenye ini kwa miezi, na mtu aliyeila anapaswa kumeza vitamini K muda wote huo, maana mboga peke yake haitoshi. Nikamuuliza kama mchele ukioshwa sana unasalimika. Akasema rangi inatoka, sumu haijali. Nikamshukuru nikaenda kupanga foleni ya dawa. Nilipojifungua mwanangu, muuguzi alimchoma sindano ndogo ya paja, akaniambia ni vitamini K, watoto huzaliwa na akiba ndogo. Nikasema sawa. Huyo ndiye mfunga mlango. Nimekutana naye mara nyingi sasa, na bado sisikii kitu.

Lakini haya yote niliyajua baada ya Bibi kuondoka. Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa haoni vizuri, ameketi kwenye mkeka ndani, rozari mkononi. Hatukuwa tumelizungumza jambo lile hata siku moja. Aliinamisha kichwa juu ya rozari, ndipo akaniuliza, kana kwamba tulikuwa katikati ya maongezi.

"Yale maji. Aliyooshea mchele. Yalikuwa ya rangi gani?"

"Ya bluu, bibi."

"Yote?"

"Ya kwanza. Aliosha mara nyingi. Ya mwisho yalikuwa meupe."

Aliisogeza punje moja ya rozari, akaishikilia hapo. "Basi aliosha vizuri," alisema.

Nikamwambia ndiyo, bibi, aliosha vizuri sana. Na hata leo, pamoja na yote niliyofundishwa, angeniuliza tena ningemjibu hivyohivyo.